Furaha Ndogo za Mji wa Mifereji: Leiden Machoni pa Mtu wa Gety

Leiden ni mji wa Uholanzi wenye maji kila upande. Ofisi za utalii huhesabu kilomita 28 za mifereji na madaraja 88 katika sehemu yake ya kale. Mikono miwili ya mto Rhine, Oude Rijn na Nieuwe Rijn, hukutana katikati ya mji karibu na jengo la kale la mizani ya soko, kisha maji huendelea kuelekea bahari huko Katwijk. Mto huohuo, ambao Ujerumani hubeba majahazi marefu ya makaa na makontena, hapa umepoa kiasi kwamba bata huuvuka bila haraka. Sehemu kubwa ya maji ya Rhine ilikwisha kuchepukia matawi mengine tangu zamani, Leiden ikaachiwa mkia.

Kwa watu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, nchi hii ya mifereji ina jina jingine: La Haye. Wengi walianza kuisikia redioni kwa sababu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko katika mji huo. Hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, ya Machi 2012, ilimhusu Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, na vita vya Ituri. Ya Germain Katanga, kamanda mwingine wa wanamgambo, ya Machi 2014, ilihusu shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, na ilisikilizwa kwa makini ya pekee katika Walendu Bindi, kolektivite ambayo Gety ni makao yake makuu, kusini mwa Bunia. La Haye iko mwendo wa robo saa hivi kwa treni kutoka Leiden. Ukaribu huo hausahauliki upesi. Lakini Wakongo waliofika Uholanzi tangu miaka ya 1990, wengi wao wakiomba hifadhi, hawaishi ndani ya hukumu. Wanaishi kwenye ngazi za nyumba nyembamba, kwenye foleni za soko na kwenye vijia vya baiskeli, na huko ndiko ziliko furaha ndogondogo zinazofanya ugeni uvumilike. Picha za kadi za posta hazizionyeshi vizuri. Anayezitambua haraka zaidi ni mtu ambaye kwao aliifanya kwa mikono yake kazi ambayo hapa mji wenyewe umeibeba.

Ya kwanza ni maji ya bomba. Katika vijiji vinavyoizunguka Gety, maji ni safari: bidoni la njano la lita 20, chemchemi iliyojengewa mdomo wa bomba, foleni ya wasichana na akina mama, kisha kilima cha kurudia. Aliyekulia huko hawezi kufungua bomba kwa mazoea katika miezi yake ya mwanzo. Na maji ya Leiden yana historia inayostahili mshangao huo. Yanatoka katika mto Maas, husafirishwa kwa mabomba hadi kwenye vilima vya mchanga vya pwani, hapo humwagwa yakajichuja ardhini kwa miezi miwili hivi, ndipo huvutwa tena, hukamilishwa kusafishwa na kuletwa majumbani. Hayatiwi klorini. Glasi ya maji hayo haina harufu yoyote, na kwa mtu aliyezoea kupima maji kwa pua kabla ya kuyatia mdomoni, ukosefu huo wa harufu ni starehe kamili.

Maji ya mfereji ni habari nyingine, nayo huchukua muda mrefu zaidi kueleweka. Mgeni huona uzuri kwanza: vivuli vya nyumba, mashua za watu wanaokula jibini jioni ya Juni, daraja linaloinuka huku kengele ikilia na waendesha baiskeli wakishusha mguu mmoja kusubiri. Baadaye hugundua kwamba hakuna hata inchi ya maji hayo iliyo pale kwa bahati. Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi mwa Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari, na kimo cha maji hupangwa, hupimwa na kulindwa kwa pampu na milango usiku na mchana. Eneo la Leiden liko chini ya bodi ya maji ya Rijnland, taasisi iliyoanza katika karne ya 13 na ambayo ofisi yake iko mjini humo hadi leo. Ina wajumbe wanaochaguliwa kwa kura na hutoza kodi yake yenyewe, mbali na ile ya manispaa. Mwanzo wake ulikuwa wakulima waliolazimika kutengeneza kingo pamoja, kila mmoja kipande chake, kwa sababu kipande kimoja kikibomoka mashamba ya wote yangezama.

Mkongo ana neno la kazi ya namna hiyo: salongo. Ila salongo imebeba mzigo wake. Chini ya Mobutu ikawa amri, watu wakafyeka barabara Jumamosi kwa hofu ya kutozwa faini, na majani yakaota tena kabla ya Jumamosi ifuatayo. Rijnland ni kama salongo iliyodumu karne nane kwa sababu waliofanya kazi ndio waliokagua hesabu zake. Kukaa kando ya mfereji na kujua hivyo ni furaha yenye wivu kidogo ndani yake, na hakuna sababu ya kuuficha wivu huo.

Mifereji nayo haikosi uchafu. Kukuziwa, ndege mweusi mwenye kipaji cheupe, hujenga kiota chake majini kwa chochote anachokikuta: matawi, mirija, karatasi za peremende. Mtafiti wa Naturalis, makumbusho ya viumbe yaliyoko Leiden, aliwahi kuchambua kiota cha namna hiyo kilichotolewa katika mfereji wa Amsterdam, akakisoma kwa tabaka zake. Chini kabisa palikuwa na karatasi ya chokoleti yenye tangazo la Kombe la Dunia la 1994. Ndege hawa hawamwogopi mtu, na kuwatazama wakigombania kijiti ni burudani isiyolipiwa, inayowakusanya wazee na watoto wa kila rangi kwenye ukingo mmoja.

Kisha baiskeli. Uholanzi ina baiskeli zaidi ya milioni 20, nyingi kuliko watu wake. Katika Ituri baiskeli ni chombo cha mzigo kabla ya kuwa cha mtu: hubeba magunia ya makaa, mikungu ya ndizi na bidoni za mafuta ya mawese, na mara nyingi mwenye nayo huisukuma kwa miguu kilima kizima. Mwenye uwezo hununua pikipiki, na mwenye uwezo zaidi gari. Leiden ngazi hiyo haipo. Profesa, mfagiaji na hakimu wanakutana kwenye taa moja nyekundu, wote wakilowa mvua ileile. Mark Rutte, aliyesomea historia katika chuo kikuu cha mji huu na kuwa waziri mkuu kuanzia 2010 hadi 2024, alijulikana kwa kwenda kazini kwa baiskeli. Mtu aliyetoka mahali ambapo mheshimiwa hutambulikana kwa msafara wake huhitaji muda kulizoea jambo hilo, na akishalizoea hupata wepesi fulani wa moyo: hakuna anayetazama baiskeli yake kuukuu ili kumpima. Wanachotazama ni taa. Kuendesha usiku bila taa ya mbele na ya nyuma ni kosa, na askari hutoza faini pasipo kujadiliana.

Sehemu ya ajabu zaidi ni mwanga. Gety iko karibu sana na ikweta, kaskazini yake kidogo, na jua lake ni aminifu: huchomoza saa kumi na mbili hivi, huzama saa kumi na mbili hivi, Januari hadi Desemba. Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya uaminifu huo. Leiden huivunja. Katika siku ndefu za Juni jua huzama baada ya saa nne usiku, na maneno hayo yenyewe, jua na saa nne usiku, hayajawahi kukaa pamoja katika sentensi ya mtu wa Ituri. Watoto huitwa kulala huku njiwa bado wanatembea barabarani. Watu wazima hubaki nje kana kwamba wamepewa siku ya pili bure.

Na kuna jambo dogo la saa ambalo wahamiaji wa mashariki ya Kongo hulifurahia kimyakimya. Uholanzi husogeza saa zake mbele mwishoni mwa Machi na kuzirudisha mwishoni mwa Oktoba. Katika miezi hiyo ya katikati, saa ya Leiden na saa ya Bunia ni moja. Anayepiga simu nyumbani hana haja ya kuhesabu. Saa tatu usiku ni saa tatu usiku pande zote mbili, isipokuwa mwezi wa Juni mama aliyeko Gety anazungumza gizani, akiwa ameshafunga kuku, na mwanawe anamjibu akiwa amefumba macho kwa sababu ya jua. Kumweleza mama kwamba bado ni mchana huchukua dakika kadhaa, na mara nyingi haamini.

Desemba hulipa deni hilo lote. Jua hungoja karibu saa tatu asubuhi ndipo lijitokeze, na kufikia saa kumi na nusu limekwisha kuondoka. Hapo furaha hubadilika sura: dirisha lenye taa ya manjano, supu nzito ya njegere za kijani, na kwa nadra, barafu. Maji ya mfereji hayagandi kwa urahisi, kwa kuwa hayatulii kabisa na baridi kali siku hizi haidumu. Ilipoganda mnamo Februari 2021, watu walitoa viatu vya kutelezea vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa miaka na kushuka mferejini na watoto wao. Kwa aliyekua akitahadharishwa juu ya mito, kutembea juu ya maji si jambo dogo, hata kama hatua za kwanza huwa za bata.

Chakula kina mengi zaidi, na hapa inafaa kukawia. Jumatano na Jumamosi soko la Leiden hupangwa kando ya Nieuwe Rijn, vibanda vikiwa vimeegemea maji. Humo mgeni wa Ituri hupita hatua tatu. Kwanza hushangaa wingi. Pili hukumbuka kwao, akachukia kila kitu: mikate isiyoshibisha, nyanya zisizonuka nyanya. Tatu huanza kukuta njia za siri. Njia mojawapo ni jibini ya Leiden yenyewe. Wakulima wa eneo hilo huitengeneza kwa maziwa yaliyoondolewa sehemu ya mafuta, na kuichanganya na bizari nyembamba, ileile ya pilau. Ganda lake hupigwa chapa ya funguo mbili zilizopishana, nembo ya mji. Anayeimega kwa mara ya kwanza hujikuta anafikiria sherehe za ndoa, na hajui mara moja kwa nini. Bizari hiyo haioti katika udongo wa Uholanzi kwa ajili ya biashara; ilikuja na meli, na wenyeji wameishi nayo muda mrefu kiasi cha kuiona yao.

Njia nyingine ni samaki. Herring wapya huingia sokoni katikati ya Juni kwa shangwe kubwa. Samaki hutolewa matumbo isipokuwa kongosho, ambayo vimeng'enya vyake, pamoja na chumvi, humlainisha polepole. Sheria hudai agandishwe kwanza ili minyoo ife. Huliwa bila kupikwa, pamoja na vitunguu vilivyokatwakatwa, na wenyeji wengine humshika mkia na kumshusha mdomoni kichwa kikiwa kimeinuliwa. Mtu aliyelelewa kwa samaki wa chumvi wa Ziwa Albert, wanaoshushwa Kasenyi na Tchomia na kupandishwa mlimani kwa pikipiki, anaijua chumvi. Ubichi ndio unaomshinda. Wengi hujaribu mara moja na kurudi kwenye samaki wa kukaangwa, ambaye kibanda hichohicho huuza moto kwenye karatasi, na hakuna aibu katika hilo.

Na sombe, mboga ya majani ya muhogo? Sombe ipo. Imegandishwa kama tofali, imekwisha kutwangwa, katika jokofu la duka ambalo Waholanzi huliita toko. Maduka hayo yalianza kwa ajili ya watu wa Indonesia, yakapanuka kwa ajili ya watu wa Suriname, nchi iliyopata uhuru wake kutoka Uholanzi mwaka 1975. Waindonesia hula majani ya muhogo. Wasuriname hula muhogo wenyewe na ndizi za kukaanga. Kwa hiyo Mkongo, ambaye ukoloni wake ulikuwa wa Ubelgiji na ambaye mtaa wake wa Matonge uko Brussels, hupata chakula cha kwao Leiden kupitia mlango wa ukoloni wa watu wengine. Mwenye duka hajui Gety ilipo. Anajua tu kwamba wateja fulani huuliza pia mafuta ya mawese, na ameshaanza kuyaagiza. Jumapili moja yenye sombe, fufu na samaki mkavu hutosha kuwakusanya watu kutoka miji mitatu, na treni ya kurudi hupakia vyombo vya plastiki vilivyofungwa mara mbili ili harufu isiwahukumu.

Utulivu nao una mahali pake. Leiden ina zaidi ya viwanja 30 viitwavyo hofje: nyumba ndogondogo zilizozunguka bustani moja, zilizojengwa kwa wosia wa matajiri ili wazee na wajane maskini wapate pa kuishi. Mlango wake mara nyingi ni wa kawaida, ukiangalia barabara yenye kelele. Mchana mpita njia huruhusiwa kuingia mingi ya viwanja hivyo, mradi asipige kelele. Anakuta pampu ya kale, maua na paka. Kwa wanaotoka katika boma lenye nyumba zinazotazamana, mpango huo hauna ugeni hata kidogo. Ugeni uko katika kimya chake, kwa kuwa boma lisilo na watoto ni kitu cha kutilia shaka. Nje ya hofje, barabarani, kuna desturi inayopendeza zaidi. Jua likitoka, hata kwa saa moja ya Machi, watu hutoa kiti na kukaa mbele ya mlango wao, kikombe mkononi, wakisalimiana na wapitao. Anayejua baraza anajua afanye nini hapo. Salamu haihitaji miadi, ilhali karibu kila kitu kingine katika nchi hii kinahitaji.

Mji huu pia huandika kwenye kuta zake. Tangu 1992 mashairi zaidi ya 100 yamechorwa kwenye nyumba, kila moja kwa lugha na hati yake: Kirusi, Kijapani, Kiarabu, na nyinginezo ambazo wenye nyumba hawawezi kuzisoma. Kuishi chini ya maneno usiyoyaelewa na kuyatunza rangi yake ni adabu ya kipekee, na mgeni ambaye lugha yake haijulikani na yeyote kazini huielewa adabu hiyo mara moja.

Kwa mtu wa Gety hasa, kuna zawadi moja zaidi, nayo imo katika vitabu. Chuo kikuu cha Leiden, kilichoanzishwa 1575, kimesomesha lugha za Afrika kwa vizazi. Jan Knappert alipata udaktari wake hapo mwaka 1958 kwa kazi juu ya utenzi wa Kiswahili wa Herekali. Na mwanaisimu Constance Kutsch Lojenga, ambaye naye alikuwa wa chuo hicho, alichapisha mwaka 1994 sarufi nzima ya Kingiti, lugha ya Walendu Bindi. Vitabu vya namna hiyo hutafutwa katika maktaba ya chuo, iliyo kando ya mfereji wa Witte Singel, na katika ile ya Kituo cha Masomo ya Afrika, kilichoundwa 1947. Kingiti, lugha ambayo shuleni Bunia mtoto alichekwa kwa kuitamka, imeandikwa humo toni kwa toni, pamoja na sauti zake za kumeza pumzi ambazo ni adimu duniani. Kusoma maelezo ya jinsi koo la bibi yako linavyofanya kazi, yakiwa yamepangwa katika jedwali, huchekesha kwanza. Halafu mtu hujikuta anatamka kila mfano kwa sauti, na jirani wa meza ya pili akigeuka.

Leiden yenyewe imejaa watu waliofika wakikimbia. Antwerp ilipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, wafumaji wa Flanders walihamia kaskazini, na sufu yao ikautajirisha mji. Waprotestanti wa Uingereza waliishi hapa kuanzia 1609 hadi 1620, kisha baadhi yao wakapanda Mayflower kwenda Marekani. Gety inaujua upande wa pili wa habari hiyo: mwaka 2006, mapigano katika vijiji vya jirani yalipopamba moto, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika katika mji huo mdogo usio na chakula cha kuwatosha hata wenyeji wake. Aliyewahi kulala chumba kimoja na familia tatu huyasoma mabamba ya ukumbusho ya Leiden kwa jicho la mtaalamu. Huuliza walilala wapi, nani aliwapikia, na kama waliondoka kwa hiari.

Siku kuu ya mji ni tarehe 3 Oktoba. Mwaka 1574 jeshi la Hispania lilikuwa limeuzingira Leiden kwa miezi, na maelfu walikufa kwa njaa na tauni. Wakuu wa uasi dhidi ya Hispania waliamua kukata kingo na kuyaruhusu maji yaingie, ili majahazi yenye chakula yaelee juu ya mashamba hadi kwenye kuta za mji. Maji yalipopanda na upepo kugeuka, Wahispania waliondoka. Waokoaji walileta herring na mkate mweupe, na kila mwaka vitu hivyo viwili hugawiwa tena asubuhi. Jioni huliwa hutspot, viazi, karoti na vitunguu vilivyopondwa pamoja, kwa sababu inasemekana sufuria ya chakula hicho ilikutwa bado ina moto katika kambi iliyoachwa. Ni chakula kizito, kitamu, cha kuliwa na watu wengi mezani, na mtu wa Gety hukila kwa raha kuliko vyote vya nchi hiyo kwa kuwa kinafanana na kazi ya mwiko aliyoizoea. Lakini akishajua hadithi nzima huwa na swali kwa wenyeji wake, nalo si la kuharibu karamu: wale wakulima ambao mashamba yao yalifunikwa na maji ili mji upone, nao walipewa mkate?